Barua za askari wa Keya na tamthilia za Ugiriki ya kale: namna ya kuzikutanisha redioni

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mkoani Ruvuma. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la King's African Rifles, akapigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na ameacha barua 19 alizowapelekea watu wa nyumbani kati ya mwaka 1942 na 1946. Redio ya jamii ya hapa kwetu imenipa vipindi sita vya nusu saa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wamesoma tamthilia za Kigiriki katika tafsiri na wangependa kuziingiza katika vipindi hivyo. Baadhi ya wenzangu wanasema vitu hivi viwili havihusiani, na kwamba wasikilizaji watazima redio. Je, inawezekana, na nianzie wapi? Iko pia barua moja ya Machi 1944 yenye mistari mitatu iliyofutwa kwa wino mweusi, nami sijui niifanyeje. Shangazi yangu, aliyekuwa mtoto mchanga wakati huo na ambaye karibu kila barua inamtaja, bado yu hai.

Jibu: Mwalimu, inawezekana, na uhusiano ambao wenzako hawauoni upo katika namna barua hizo zilivyofika nyumbani.

Askari wengi wa Keya hawakujua kuandika. Aliyetaka kupeleka habari alikaa karibu na karani wa kikosi, au mwenzake aliyepitia shule, akamsemea maneno naye akayaandika. Barua ilipofika kijijini mambo yalikuwa yale yale kwa upande wa pili: baba au mke wa askari aliipeleka kwa mwalimu, kwa katekista au kwa mwanafunzi yeyote aliyekuwa karibu, asomewe, na siku hiyo jirani nao walikuja kusikiliza kwa sababu huenda mtoto wao ametajwa. Kwa hiyo maneno ya babu yako yalipita katika kinywa chake, yakaandikwa na mkono wa mwingine, kisha yakatoka tena katika kinywa cha mtu wa tatu, mbele ya ua uliojaa watu. Barua ya namna hiyo ilitungwa kwa kusemwa na kupokelewa kwa kusikiwa, na karatasi ilikuwa chombo cha kuibeba njiani tu.

Sasa tazama tamthilia ya Kigiriki. Katika tamthilia nyingi zilizobaki, vita na mauaji havionyeshwi jukwaani. Anakuja mjumbe, anasimama mbele ya watu waliokuwa wakingoja, anasimulia alichokiona, nao wanaitikia kwa maswali na maombolezo. Katika Waajemi, tamthilia ya Aeschylus iliyochezwa Athens mwaka 472 K.K., mapigano ya Salamis, ambako Wagiriki waliwashinda Waajemi baharini, hayaonekani hata kidogo. Tunaona ikulu ya adui, wazee na mama wa mfalme wakiwa na wasiwasi, kisha mjumbe anaingia na habari. Ua wa nyumba yenu mwaka 1944 na ikulu ya Uajemi katika tamthilia hiyo ni mahali pa aina moja, yaani mahali ambapo watu waliobaki nyuma wanapokea habari ya vita kwa masikio. Na redio ni hivyo hivyo.

Kutokana na hilo natoa ushauri ambao ningetaka uutangulize kuliko mwingine wote: usiigize vita, igiza kusomwa kwa barua. Nimetayarisha michezo ya redio kwa zaidi ya miaka 20, na kosa ninalolijutia zaidi nililifanya katika kipindi cha kwanza cha barua nilichokiongoza. Nilimpa mwigizaji hodari nafasi ya askari, nikamwekea milio ya bunduki nyuma yake, naye akasoma kwa sauti ya kutetemeka mpaka akalia. Baada ya matangazo, mtoto wa yule askari alinijia akaniambia kwa upole kwamba baba yake hakuwahi kulia katika barua hata moja, na kwamba sisi tulimlazimisha kulia mbele ya watu. Alikuwa na haki. Barua ile ilikuwa imeandikwa ili nyumbani wasihofu, na sisi tuliigeuza kinyume cha nia ya mwenyewe.

Msomaji wa barua redioni, basi, asijifanye babu yako. Awe kijana anayesoma karatasi mbele ya watu wazima, akikwama kidogo penye mwandiko mbaya, akirudia jina ambalo watu hawakulisikia vizuri. Wanafunzi wako wanafaa kabisa kwa kazi hiyo, kwa kuwa waliozisoma barua zile wakati huo mara nyingi walikuwa watoto wa shule wa umri wao au wadogo kuliko wao. Sauti za wanaosikiliza nazo ziwepo: mtu anavuta kigoda, mwingine anauliza, «amesema yuko wapi?», na msomaji anajibu kwamba hakusema. Hapo msikilizaji wa leo anakaa pale pale walipokaa watu wa mwaka 1944, asijue zaidi yao.

Usiisahihishe lugha ya barua. Kiswahili cha Keya kilikuwa na sarufi yake ya kambini, kwa kuwa kiliwaunganisha Wangoni, Wakamba, Waacholi, Wanyasa na wengine wengi ambao hawakuzaliwa nacho, na tahajia ya makarani ilikuwa ya kila mtu na mkono wake. Mwalimu wa Kiswahili atashawishika kunyoosha upatanisho wa ngeli. Tafadhali ujizuie, maana kila ukinyoosha neno unaondoa sauti ya karani, na karani naye ni mmoja wa watu waliokuwepo.

Vilevile usikate salamu. Watayarishaji wengi huzikata kwanza, wakidhani ni maneno ya mazoea yanayochelewesha habari. Barua inayoanza kwa kusema kwamba mwandishi ni mzima wa afya na kwamba hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali, kisha ikamsalimu baba mkubwa, mama mdogo, fulani wa ng’ambo ya mto na fulani aliyeoa majuzi, imekwisha kutoa habari kubwa kuliko zote: aliyesalimu yu hai, na bado anawakumbuka waliomo nyumbani mmoja mmoja. Katika Waajemi mjumbe anataja majina mengi ya makamanda waliokufa, moja baada ya jingine, na mwishoni wazee wanamuuliza mfalme aliyeshindwa: yuko wapi fulani, na fulani umemwacha wapi? Ni orodha ya salamu iliyopinduliwa. Ningekuwa mimi, kipindi cha kwanza kingekuwa hicho tu. Salamu za barua tatu zisomwe zote bila kupunguzwa, na baada yake yaje maswali ya wazee wa Uajemi, bila maelezo ya mtangazaji katikati. Msikilizaji atayaunganisha mwenyewe.

Nije sasa kwenye mistari mitatu iliyofutwa, ambayo nadhani ndiyo kiini cha kazi yako yote. Barua za askari zilipitia kwa wakaguzi wa jeshi. Majina ya mahali, majina ya meli, hasara na mipango ya safari havikuruhusiwa, na kilichoponyoka kalamu kilifutwa. Tarehe ya barua yako inavuta mawazo upande mmoja. Mnamo tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa kwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mtu akiona barua ya mwezi uliofuata yenye mistari mitatu myeusi, atataka kusema kwamba hiyo ndiyo habari iliyofutwa. Huenda ni kweli, na huenda babu yako alitaja tu jina la mji alimokuwa. Wino haujibu. Kwa hiyo usiandike maneno ya kujaza pengo hilo, wala usimwambie msimulizi akisie.

Pengo lenyewe lisikike. Mistari mitatu ya mwandiko wa mkono ina maneno kama 24, na mimi huhesabu maneno 110 kwa dakika kwa msomaji wa Kiswahili asiyeharakishwa, hivyo pengo lako ni la sekunde 13 hivi. Msomaji aseme, «hapa pamefutwa,» kisha anyamaze sekunde zote hizo. Usikate sauti kabisa, maana redio iliyo kimya kabisa humfanya msikilizaji agonge kisanduku akidhani betri zimekwisha. Iache sauti ya ua iendelee: kuku, mtu anakohoa, karatasi inageuzwa kutazamwa upande wa pili kwenye mwanga. Mwambie fundi mitambo mapema, asije akadhani matangazo yamekatika akaweka muziki.

Baada ya sekunde hizo ndipo mjumbe wa Aeschylus aingie. Anasimulia kwamba bahari haikuonekana tena kwa wingi wa mabaki ya merikebu na miili ya watu, na kwamba fukwe na miamba vilijaa wafu. Hajaitaja Khedive Ismail na hawezi kuitaja, kwani anasimulia maji mengine, ya Ugiriki, ya mwaka 480 K.K. Lakini aliyesikiliza kimya kile atajua kwa nini umemwita mjumbe huyu hapa. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka tamthilia ifanye katika vipindi vyako vyote. Barua isiguswe, na tamthilia isimame mahali ambapo barua imezuiwa kusema, au ambapo mwandishi mwenyewe hakutaka kusema.

Unaweza kuuliza kwa nini Mgiriki, na si msimulizi wa kawaida anayeeleza historia. Sababu moja ni kwamba waliotunga tamthilia hizi walijua vita kwa miili yao. Aeschylus alipigana na Waajemi huko Marathon mwaka 490 K.K., ambako ndugu yake Cynegeirus aliuawa, na maandishi ya kaburi yanayohusishwa naye yanataja Marathon bila kutaja tamthilia hata moja. Sophocles alichaguliwa kuwa mmoja wa majenerali wa Athens katika vita vya Samos. Katika maonyesho ya sikukuu ya mungu Dionysus, ambako tamthilia hizi zilichezwa, watoto wa kiume waliofiwa na baba zao vitani walipitishwa mbele ya watu wakiwa wamevaa silaha walizopewa na serikali ya mji, na wengi wa waliokaa kutazama walikuwa wamewahi kushika mkuki. Maneno yaliyoandikwa kwa hadhira ya namna hiyo hayakuwa na nafasi ya mapambo matupu.

Sababu ya pili ni umbali, na hapa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anatupa kisa cha kufaa. Mwaka 494 K.K. Waajemi waliuteka mji wa Miletus, uliokuwa na udugu na Athens. Phrynichus akatunga tamthilia juu ya kuanguka kwake. Ukumbi mzima ulilia, na Waathene wakamtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao wenyewe, wakaamuru tamthilia hiyo isichezwe tena. Aeschylus alishika njia nyingine, akawaonyesha vita walivyopigana wenyewe miaka minane tu kabla, lakini kutoka upande wa mama za maadui. Nalitaja jambo hili kwa sababu katika wilaya yako zimo familia ambazo barua zilikoma ghafla. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kiasi cha watu 87,000 waliandikishwa kutoka Tanganyika peke yake, na ukilifukua jambo hili redioni bila kuwapa watu mahali pa kusimama kwa mbali, unaweza kuwaumiza. Habari ya Uajemi inawapa mahali hapo. Tena inawafikisha kwenye fikra ambayo barua hazikuweza kuifikisha, kwamba yule Mjapani aliyetajwa kambini kwa maneno ya chuki naye alikuwa na ua wa nyumbani uliongoja habari.

Kipindi kimoja kati ya sita ningekijenga juu ya hotuba ya mjumbe wa jeshi katika Agamemnon, tamthilia nyingine ya Aeschylus, ya mwaka 458 K.K. Mjumbe huyo amerudi kutoka vita vya Troya baada ya miaka 10, na kila mtu anangoja asimulie ushindi. Yeye anaanza kusimulia malazi. Anaeleza jinsi walivyobanana melini, jinsi walivyolala chini ya kuta za adui, jinsi umande wa mbuga ulivyolowesha na kuozesha nguo zao na wadudu wakajaa nywele zao. Baridi ya milimani iliyoua ndege, kisha joto la mchana bahari ilipolala bila upepo. Nikiisoma hotuba hiyo huwa najiambia kwamba ni barua ya askari iliyokosa bahasha. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya masika ya Burma, wakati njia zilikuwa tope, malaria inawaangusha watu, na chakula kinadondoshwa kwa ndege. Walifika Kalemyo mwezi Novemba, na Desemba wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Ikiwa babu yako alikuwa humo, nakuhakikishia kwamba barua zake za miezi hiyo zitazungumzia mvua, ruba, miguu na viatu kuliko zitakavyozungumzia Wajapani. Zisome sambamba na hotuba hiyo, aya kwa aya, barua kidogo kisha mjumbe kidogo, kwa sauti mbili za umri mmoja. Wanafunzi wako watashangaa kuona kwamba mahali pengine hawawezi kutambua ni nani anayesema, na wasikilizaji nao waachwe wasitambue kwa muda.

Agamemnon ina mistari zaidi ya 1,600, na Waajemi zaidi ya 1,000, kwa hiyo usijaribu kuiweka tamthilia nzima katika nusu saa. Ukitoa utambulisho na matangazo unabaki na dakika 27 hivi, ambazo kwa mwendo niliokwisha kuutaja ni maneno karibu 3,000, na ukiacha nafasi za kimya na za sauti za ua, panga maneno 2,300. Barua zichukue theluthi mbili. Tamthilia ikizidi theluthi moja, kipindi kinakuwa cha Ugiriki na babu yako anageuka mgeni ndani yake.

Kundi la waitikiaji, yaani korasi, ndilo linaloshinda watayarishaji wengi. Kwa Aeschylus lilikuwa na watu 12, na Sophocles akalifanya la watu 15, wakiimba na kucheza. Redioni watu 15 wakisema pamoja maneno hayasikiki, inabaki mvumo tu. Tumia sauti nne au tano zinazotofautiana waziwazi kwa umri, ya bibi, ya mzee, ya mwanamke kijana, na uwagawie mistari mmoja mmoja, wakutane kwa pamoja kwenye maneno machache tu mwishoni mwa kila sehemu. Msomaji wa barua awe karibu na maikrofoni, kiasi cha shibiri moja, na waitikiaji wawe hatua mbili au tatu nyuma katika chumba hicho hicho, ili msikilizaji aone kwa masikio nani ameshika karatasi na nani wamekaa kumzunguka. Msiwarekodi kila mmoja peke yake na kuwaunganisha baadaye kwenye kompyuta, kwa sababu pumzi za watu walio pamoja hazighushiki.

Kuhusu lugha ya korasi, mashairi ya Kigiriki yana vipimo vyake visivyohamishika, lakini Kiswahili kina utenzi, ambao tangu zamani umebeba habari za vita na ambao masikio ya wasikilizaji wako yanaujua. Mazungumzo na hotuba yatafsiriwe kwa lugha ya nathari iliyo safi, na waitikiaji wapewe beti za mizani nane. Katika Agamemnon pana mahali ambapo wazee wanasema kwamba kila nyumba inawajua iliowatuma, lakini badala ya watu kinachorudi ni mitungi na majivu. Nimejaribu kuyaweka hivi, uyatumie ukipenda:

Wale tuliowatuma,
kwa majina twawasema;
majivu yaja kwa mama
ndani ya chungu cha vita.

Wanafunzi wako watatunga yaliyo bora zaidi wakipewa wiki mbili. Waonyeshe pia kwamba wapo waliokwisha kuipita njia hii: Samuel Mushi alimleta Oedipus wa Sophocles katika Kiswahili kwa jina Mfalme Edipode mwaka 1971, na jinsi alivyoamua kuyaweka majina na maombolezo katika lugha yetu ni somo zuri la darasani, hata kama hamtakubaliana naye kila mahali.

Vipindi viwili vya mwisho vihusu kurudi, na hapa nakuomba uende polepole. Philoctetes ya Sophocles, ya mwaka 409 K.K., inamhusu askari aliyeumwa na nyoka, akatupwa na wenzake katika kisiwa cha Lemnos kwa sababu jeraha lake lilinuka na vilio vyake viliwasumbua. Amekaa huko miaka 10 peke yake. Tamthilia hii ni kama iliyoandikwa kwa ajili ya redio, kwani Philoctetes anasikika kabla hajaonekana: mabaharia wanasimama wakasema kuna sauti, sauti ya mtu anayejikokota njiani kwa maumivu, bado iko mbali, sasa inakaribia. Mwongozaji wa redio hahitaji kuongeza kitu. Umesema barua za mwisho ni za mwaka 1946. Mtafute katika kumbukumbu za familia babu aliyerudi, namna alivyotembea, alivyolala, alichokataa kula, ambacho hakukizungumzia kabisa. Hayo hayamo katika barua, na Philoctetes anaweza kuyashikia nafasi.

Ajax, tamthilia nyingine ya Sophocles, ni ngumu zaidi. Ni habari ya askari shujaa aliyevunjiwa heshima, akapagawa, kisha akajiua, na Tecmessa mkewe anasimulia usiku ule kwa maneno ambayo wake wengi wa askari wangeyatambua. Mwongozaji wa tamthilia Bryan Doerries alianza mwaka 2008 huko Marekani kuwasomea wanajeshi na familia zao Ajax na Philoctetes, waigizaji wachache wakiwa wamekaa mezani na karatasi, bila mavazi wala mandhari, na baada ya usomaji mazungumzo ya hadhira yakaendelea kwa saa nyingi. Kilichoniingia moyoni katika kazi hiyo ni kwamba usomaji haukutosha bila mazungumzo. Kwa hiyo usitangaze Ajax ikiwa redio yenu haiwezi kufungua simu baada ya kipindi, na muuguzi au mshauri nasaha akiwa studioni. Na hata mkiwa naye, chukueni maneno ya Tecmessa, na tukio la kujiua liachwe kabisa. Ukiona jambo hili ni zito mno kwa shule, liache bila kujilaumu, Philoctetes anatosha.

Kuhusu hofu kwamba watu watazima redio, sidhani. Hawa ni wasikilizaji waliolelewa na mchezo wa redio, waliowacheka Pwagu na Pwaguzi na walioanza mwaka 1993 kufuatilia Twende na Wakati. Na raha ya kusikiliza habari za askari redioni ina mizizi mirefu, kwa kuwa matangazo ya Nairobi kwa lugha za Kiafrika yalianza wakati wa vita vile vile, familia za askari zikiwa miongoni mwa waliokusudiwa. Kitakachowafukuza ni mhadhara. Usifungue kipindi kwa maneno «Ugiriki ya kale». Fungua kwa jina la kijiji chenu, tarehe na salamu, na Mgiriki aingie kwa sentensi moja: «Mtu mwingine, katika vita vya zamani sana, alirudi kwao akasema hivi.»

Kuna mambo ya haki ambayo yasipotazamwa mapema huleta ugomvi. Anayezishika karatasi si lazima awe mwenye haki ya maneno yaliyomo. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na hapo katikati ni ya warithi wote, kwa hiyo pata idhini ya ukoo kwa maandishi. Maneno ya Aeschylus na Sophocles hayana mwenyewe tena, lakini tafsiri mnayoisoma darasani ina mwenyewe, na mkitafsiri kutoka katika tafsiri ya Kiingereza iliyo hai mnahitaji ruhusa. Tafuteni tafsiri ya zamani iliyokwisha muda wake, iwe msingi wa yenu. Halafu pitia barua zote 19 ukitafuta madeni, ugomvi wa mahari na tuhuma juu ya jirani ambao wajukuu wao ni wasikilizaji wako. Hayo yaondolewe, na kila mahali ulipoondoa kitu msomaji aseme kwamba hapo pameachwa kwa heshima ya wenyewe, ili pengo lenu lisichanganywe na pengo la mkaguzi.

Umeuliza uanzie wapi. Anza na shangazi yako, wiki hii, kabla hujaandika ukurasa wowote wa muswada. Mwendee asubuhi akiwa hajachoka, kaa naye ndani mahali penye mikeka na nguo zinazozuia mwangwi, weka kinasa sauti karibu na mdomo wake kisha ukisahau. Usimhoji. Msomee barua ya kwanza inayomtaja, polepole, tangu salamu ya kwanza, kama ambavyo bibi yako alisomewa huku amempakata. Ukifika kwenye jina lake, simama, umwachie aseme analotaka, au asiseme, na usizime kinasa sauti mpaka yeye mwenyewe akuambie uendelee.